Pambano la taji la dunia la sataranji ni nini?

Kijana wa Lubumbashi anayecheza sataranji, eshek kama wengi wetu tunavyosema, akisoma habari za Gukesh Dommaraju kwenye simu huuliza: huyu alicheza na mtu mmoja tu, Ding Liren, amekuwaje bingwa wa dunia nzima?

Taji hili lina mwenyewe. Anayelitaka lazima amfuate huyo mwenyewe, wakae meza moja kwa wiki kadhaa, na amshinde. Wazee wanaoukumbuka usiku wa Oktoba 30, 1974 kule Kinshasa hawahitaji maelezo mengi: mkanda wa ngumi ulikuwa wa George Foreman, Muhammad Ali akaja kuuchukua.

Pambano la kwanza rasmi lilichezwa Marekani mwaka 1886, Wilhelm Steinitz akamshinda Johannes Zukertort. Kwa miaka mingi baada ya hapo bingwa ndiye aliyeamua acheze na nani, lini, na kwa fedha kiasi gani. Capablanca, alipokuwa bingwa, alitaka anayemkabili apate kwanza dola 10,000. Alekhine akazipata, akamvua taji huko Buenos Aires mwaka 1927, kisha hakukubali kamwe kurudiana naye. Capablanca alifariki mwaka 1942 akiwa bado hajapewa nafasi hiyo. Kwangu mimi hiyo ilikuwa dhuluma, na inaonyesha kwa nini taji halifai kuwa mali ya mtu. Alekhine alipofariki mwaka 1946 akiwa bado bingwa, shirikisho la dunia, FIDE, lilichukua usimamizi. Siku hizi mpinzani hachaguliwi na bingwa. Wachezaji 8 hukutana katika mashindano ya kumtafuta, kila mmoja akicheza na mwenzake mara mbili, na anayeongoza ndiye anayekwenda kwa bingwa. Gukesh alipita hapo Toronto, Aprili 2024.

Sasa, wakitoka sare? Ushindi ni pointi 1, sare ni nusu kwa kila mmoja, na kati ya wakubwa hawa sare ni nyingi mno. Zamani pambano lilikuwa la michezo 24, na ikifika 12 kwa 12 bingwa anabaki na taji lake. Bingwa Botvinnik aliokoka hivyo mwaka 1951 na tena 1954. Mwaka 1987, mjini Sevilla, bingwa Kasparov alipoteza mchezo wa 23 dhidi ya Karpov, akabakiwa na mmoja tu ambao ilimlazimu kushinda. Akashinda, na taji likabaki kwake. Naipenda kanuni ile: ukitaka kumvua mtu taji, mshinde, kulingana naye hakutoshi. Lakini imeondolewa. Leo wakilingana huchezwa michezo ya haraka. London, 2018, bingwa Carlsen na mpinzani wake Caruana walitoka sare michezo yote 12, ndipo Carlsen akashinda ile ya haraka 3 kwa 0.

Singapore, Desemba 12, 2024, ilikuwa karibu kufika huko. Michezo 13 imekwisha, ni 6.5 kwa 6.5, umebaki wa 14, wa mwisho. Ding, mwenye taji, ana kete nyeupe. Gukesh ana askari mmoja zaidi, lakini kila upande bado una ngome na askofu, na ulinzi makini ungeleta sare. Hatua ya 55 Ding anasogeza ngome yake ili wabadilishane ngome. Tatizo lilikuwa askofu wake, aliyekaa pembeni kabisa mwa ubao: ngome zikiondoka, Gukesh anaweza kumlazimisha wabadilishane na maaskofu pia, wabaki wafalme na askari watupu, na hapo askari mmoja wa ziada anatosha. Gukesh akaiona njia hiyo. Baada ya hatua ya 58 Ding akakubali kushindwa, 7.5 kwa 6.5, na taji likaenda kwa kijana wa miaka 18. Kasparov alilipata akiwa na 22.