Chokoleti ya Uwanja wa Ndege: Bila Ushuru Haina Maana ya Bei Nafuu

Dhana iliyotia mizizi zaidi ni hii: duka la uwanja wa ndege halina ushuru, basi kila kitu ni cha bei ya chini. Lakini maneno "bila ushuru" yanahusu kodi ya serikali tu. Bei hupangwa na mwenye duka, naye ana pango la kulipa na wateja wasio na duka jingine la kukimbilia. Tangu duka la kwanza la aina hii lifunguliwe katika uwanja wa Shannon, Ireland, mwaka 1947, nafuu ya kweli imeonekana hasa kwenye pombe kali na sigara, kwa sababu hizo hubebeshwa ushuru mzito. Ukiuondoa, bei inaporomoka. Chokoleti na pipi kwa kawaida hazibebi mzigo wa namna hiyo, kwa hiyo kinachopungua ni kidogo. Tena anayesafiri kati ya nchi mbili za Umoja wa Ulaya hapati msamaha huo kabisa; ulifutwa mwaka 1999.

Halafu kuna pakiti kubwa, zile za kubeba kwa mikono miwili. Watu huamini ukubwa ni unafuu. Nyingi hutengenezwa kwa ajili ya wasafiri pekee, hivyo huwezi kuzilinganisha na za duka la kawaida kwa kutazama tu. Gawanya bei kwa gramu, kisha zidisha kwa 100, upate bei ya kila gramu 100 ya kulinganisha. Simu unayo mkononi. Na bati zuri lenye picha ya mji nalo umelilipia, usidhani ni zawadi.

"Nimeinunua Uswisi, basi imetengenezwa Uswisi." Soma nyuma ya pakiti. Chokoleti ya Toblerone ilizaliwa Bern, Uswisi, mwaka 1908, lakini mwaka 2023 picha ya mlima Matterhorn, alama ya Uswisi, iliondolewa kwenye pakiti zake kwa kuwa sehemu ya uzalishaji ilikuwa inahamishiwa Slovakia, na sheria za Uswisi hazichezi na alama za taifa.

Wengine huogopa kunyang'anywa chokoleti kwenye ukaguzi. Iliyo ngumu hupita bila shida. Ile ya kupaka mkate ndiyo huhesabiwa kama kimiminika, na pengi kikomo ni mililita 100. Ukiinunua baada ya ukaguzi na una ndege ya kuunganisha, iache ndani ya mfuko uliofungwa na duka, pamoja na risiti, hadi mwisho wa safari.

Yai la chokoleti la Kinder Surprise, lile lenye kidude cha kuchezea ndani, halikubaliki Marekani: sheria ya mwaka 1938 inakataza kuficha kitu kisicholiwa ndani ya peremende.

Na ukifungua nyumbani ukakuta utando mweupe juu ya chokoleti, usiitupe. Mara nyingi si kuvu. Mafuta ya kakao huyeyuka kwenye nyuzijoto 34 hivi. Yakipata joto njiani hupanda juu na kuganda upya. Sura imeharibika, lakini inalika.