Si kila choo chenye damu ni amiba

Dada mmoja aliingia ofisini kwangu akamwaga mezani vibahasha vya dawa, kumi na kitu, kila kimoja kimeandikwa kwa kalamu: 2x3, 1x2. Metronidazo, sipro, metronidazo tena. “Dokta, nina amiba sugu.” Miezi minane anaharisha damu na ute, usiku anaamka mara nne.

Amiba ipo kweli, na lazima ipimwe. Ila chini ya darubini chembe nyeupe za kinga hufanana nayo, na utumbo uliovimba huzimwaga kwa wingi chooni.

Nilipoingiza kamera, ukuta wa ndani wa utumbo mpana ulikuwa mwekundu kuanzia njia ya haja kubwa kupanda juu, bila kuacha nafasi. Ukiugusa tu, unavuja damu. Tukakata kinyama kwenda kupima. Jibu: kolaitisi ya vidonda. Hapo hakuna mdudu wa kuua. Kinga ya mwili ndiyo inayoushambulia utumbo. Ndugu yake, ugonjwa wa Crohn, hurukaruka, na hupenda pale utumbo mwembamba unapoungana na mpana. Kifua kikuu cha tumbo nacho hukaa papo hapo, kwa hiyo kwetu huku sithubutu kuanza steroidi, dawa zinazoshusha kinga, kabla sijakitafuta.

Sasa zile antibaiotiki zilikwenda wapi? Kila dozi iliua bakteria dhaifu, ikawaachia nafasi wenye silaha. Wapo wanaotengeneza kimeng'enya kinachoikata seftriaksoni, antibaiotiki ya sindano, kabla haijawagusa, na maelekezo ya kukitengeneza yamo kwenye kipande kidogo cha DNA wanachopeana hata kama si wa jamii moja: Ekolai humpa Klebsiela. Yupo pia Klostridioidesi difisile, anayestawi wenzake wakishafagiwa. Sumu yake huchubua utumbo, na mgonjwa hudhani kolaitisi imerudi. Ndiyo maana naagiza kipimo chake kabla sijaongeza dawa za kushusha kinga.

Dada yule alianza mesalazini, dawa ya kutuliza uvimbe wa utumbo, ya kumeza na ya kuingiza kwa nyuma. Wiki ya sita damu ilikoma. Nilifurahi mno.

Mwezi uliofuata alirudi na homa, kiuno kinamuuma: maambukizi ya mkojo yamepanda kwenye figo. Karatasi ya kalcha, kipimo cha kuotesha bakteria wa mkojo na kuwajaribia dawa, ilisoma Ekolai. Sipro: R, yaani bakteria hasikii dawa hiyo. Seftriaksoni: R. Chini kabisa, meropenemu, antibaiotiki nyingine ya sindano: S, anaisikia. Akalazwa, drip mkononi, mama yake amekaa pembeni ameshika chupa ya uji.