Je, wajua kwa nini ramani ya ukutani inaweza kukupoteza?

Tuseme mama mmoja ametoka Tandahimba alfajiri, amefika hospitali kubwa mjini Mtwara na cheti cha kipimo mkononi. Ukutani anaona ramani ya jengo yenye kitone chekundu kilichoandikwa "Upo hapa". Maabara imechorwa kulia kwa kitone. Anakata kulia, anafika mwisho wa korido, anakuta stoo. Maabara iko kushoto.

Watakaomwona watasema hajui kusoma ramani. Si kweli. Ameisoma sawasawa, ramani ndiyo iliyobandikwa vibaya.

Chanzo ni imani kwamba kaskazini lazima ikae juu. Hayo ni mazoea tu. Ramani nyingi za Ulaya ya zamani ziliweka mashariki juu, na mchora ramani al-Idrisi, mwaka 1154, aliweka kusini. Atlasi au simu unaweza kuigeuza upendavyo. Ramani iliyopigwa misumari haigeuki, na msomaji wake hana hiari, lazima atazame ukuta ilipo. Akiwa ametazama kusini huku ramani ina kaskazini juu, mashariki imechorwa kulia, ilhali kwake iko kushoto. Kwa hiyo nakala mbili za ramani moja, zikibandikwa hivyo hivyo kwenye kuta mbili zinazotazamana, moja lazima ipotoshe.

Kuigeuza kichwani inawezekana, ila ni kazi. Mwaka 1971 watafiti wa saikolojia Roger Shepard na Jacqueline Metzler walionyesha kuwa kadiri umbo linavyozungushwa zaidi, ndivyo mtu anavyochelewa kulitambua. Ni kama kusoma jina la kanga iliyotandikwa mkekani nawe umekaa upande wa juu: utalisoma, lakini herufi moja moja. Mwenye homa na mtoto mgongoni hana nafasi hiyo.

Mwanasaikolojia Marvin Levine wa Marekani aliichunguza shida hii miaka ya 1980. Kanuni yake: kilicho mbele ya msomaji kiwe juu kwenye ramani. Tena kitone peke yake hakitoshi, kwani kinasema uko wapi bila kusema umeelekea wapi. Inatakiwa alama ya pili inayoonekana kwa macho na kwenye ramani pia, kama ngazi au dirisha la dawa. Kwa wafanyakazi wanaozunguka jengo zima kila siku, huenda mwelekeo mmoja kwenye ramani zote ukawafaa zaidi. Mgeni hayuko huko.

Mlinzi wa getini anaifuata kanuni hii bila kufundishwa. "Pita hapo kwenye benchi, mama, ukate kushoto," na kushoto anakokusema ni kwa mama, si kwake.

Kwa hiyo kabla fundi hajagonga msumari, asimame pale atakaposimama msomaji, anyooshe mkono wa kulia, aangalie unaelekea wodi gani. Wodi hiyo iwe kulia kwenye karatasi. Isipokuwa hivyo, ichapwe upya kwa ajili ya ukuta huo.