Udongo Mzuri: Maana ya Kulipokea Neno na Kukua Kiroho

Katika mafundisho ya Kikristo husikika mara kwa mara kwamba fulani ana moyo wa udongo mzuri, au kwamba mahubiri ya siku fulani yaliangukia penye miamba. Usemi huu umetoka katika mfano wa mpanzi, ambao Yesu aliwaambia makutano kando ya ziwa la Galilaya, na ambao tunaupata katika Injili tatu: Mathayo sura ya 13, Marko sura ya 4 na Luka sura ya 8. Kwa maana ya mfano huo, udongo mzuri ni hali ya mtu anayelisikia neno, akaliacha lishike mizizi ndani yake, na kulitunza mpaka lizae matunda. Mpanzi ni mmoja na mbegu ni ileile. Kinachotofautiana ni ardhi inapoangukia: njiani, penye miamba, penye miiba au penye udongo mzuri. Ndiyo sababu watu wawili waliokaa benchi moja na kusikia mahubiri yaleyale huondoka kila mmoja na habari yake.

Msomaji aliyezoea kilimo cha mahindi, ambacho mbegu hufukiwa moja moja katika shimo, huenda akashangaa mkulima gani huyu anayepoteza mbegu njiani. Wakulima wa Palestina wa wakati ule walipanda ngano na shayiri kwa kutembea shambani na kuzitawanya kwa mkono, na njia za miguu zilikatiza katikati ya mashamba yao. Baadhi ya punje zilianguka zilikoanguka. Mfano wenyewe haumlaumu mpanzi popote kwa kutochagua mahali.

Kundi la njiani linaelezwa kwa maneno machache. Mathayo anasema ni yule anayelisikia neno asielewe nalo, na yule mwovu huja akalinyakua. Njia huwa ngumu kwa kukanyagwa, na kwa maoni yangu hatari hii humkabili zaidi mtu aliyezaliwa na kukulia kanisani kuliko mgeni: amekwisha kusikia kila andiko mara nyingi kiasi kwamba hakuna tena linaloingia.

Penye miamba panahitaji kusomwa kwa makini, kwa sababu wengi hudhani ni shamba lenye mawe mengi. Kinachosemwa ni tabaka jembamba la udongo lililolala juu ya mwamba, jambo la kawaida katika vilima vya chokaa vya nchi ile. Mathayo na Marko wanasema kwamba mbegu hiyo iliota mara, kwa kuwa udongo haukuwa na kina. Yaani ule wepesi wa kuota, ambao mtazamaji angeuhesabu kuwa baraka, ulitokana na upungufu. Mizizi haikuwa na pa kwenda chini, na jua lilipopanda mmea ukanyauka. Yesu mwenyewe anafafanua kwamba mtu huyo hulipokea neno kwa furaha, lakini hana mizizi ndani yake, bali hudumu kwa muda. Dhiki ikitukia kwa ajili ya lile neno, mara huchukizwa. Furaha yake ni ya kweli na wala haitwi unafiki. Ila furaha haiwezi kufanya kazi ya mizizi.

Afrika Mashariki ina historia yake ya jambo hili. Uamsho ulioanza katika miaka ya 1930 huko Gahini, Rwanda, ukaenea Uganda, Burundi, Tanganyika na Kenya, ulijulikana kwa machozi, maungamo ya hadharani na wimbo wa Kiganda wa Tukutendereza Yesu. Wapo waliouona kama msisimko wa muda, na si ajabu. Lakini ndugu wa uamsho walikuwa na mazoea ya kupima kilichokuwa chini ya machozi: aliyeokoka alitarajiwa kurudisha alichoiba, kupatana na aliyemkosea, na kuendelea kukutana na wenzake katika ushirika ambamo kila mmoja alieleza mwenendo wake, jambo waliloliita kutembea nuruni. Jua likapanda. Serikali ya kikoloni ilipotangaza hali ya hatari nchini Kenya mwezi wa Oktoba 1952, wengi wao katika nchi ya Wakikuyu walikataa kula kiapo cha Mau Mau, vuguvugu lililopigana na utawala wa kikoloni, na wengine walikataa pia kubeba silaha upande wa serikali. Baadhi yao waliuawa. Hata hivyo Rwanda hiyohiyo, ambayo kufikia mwaka 1994 wakazi wake wengi walikuwa Wakristo, ilishuhudia katika mauaji ya kimbari ya mwaka huo watu wakichinjwa ndani ya makanisa, kama vile Nyamata na Ntarama. Makanisa ya nchi ile yamelazimika kujiuliza ni kwa kina gani neno lilikuwa limeingia kwa watu waliojaza mabenchi hayohayo.

Penye miiba mambo ni ya polepole zaidi. Hapa udongo una rutuba, na ndiyo maana magugu nayo yanastawi. Mathayo anataja shughuli za dunia na udanganyifu wa mali. Marko anaongeza tamaa ya mambo mengine. Luka anaongeza anasa za maisha haya. Ukisoma vizuri utaona kwamba mmea huu haufi. Unaendelea kuwa wa kijani, ila hauzai. Mtu wa aina hii hukosekana kanisani kwa nadra, huenda hata ana wadhifa, na hakuna atakayesema amerudi nyuma. Kinachomkosa ni palizi, na kila mkulima anajua kwamba palizi haifanywi mara moja kwa msimu mzima.

Kuhusu udongo mzuri wenyewe, waandishi watatu wa Injili wametumia vitenzi vitatu tofauti, na tofauti hiyo ina faida kwetu. Kwa Mathayo, mtu wa udongo mzuri hulisikia neno na kuelewa nalo. Kwa Marko, hulisikia na kulipokea. Kwa Luka, hulisikia na kulishika, kisha huzaa matunda kwa kuvumilia. Kuelewa ni kazi ya akili, kupokea ni kazi ya nia, kushika kunahitaji muda. Ukuaji wa kiroho unahitaji yote matatu, na anayejivunia moja tu, hasa lile la kwanza, hajafika mbali. Mavuno nayo hayalingani: Marko anahesabu thelathini, sitini na mia, Mathayo anaanza na mia na kushuka hadi thelathini, na Luka anataja mia peke yake. Aliyezaa thelathini bado amehesabiwa katika udongo mzuri, jambo linalosahauliwa na wale wanaopenda kulinganisha waumini.

Je, udongo unaweza kubadilika? Yohane Krisostomo, mhubiri wa Antiokia wa karne ya 4, alijibu swali hili katika mahubiri yake juu ya Injili ya Mathayo. Alikiri kwamba mkulima wa kawaida anayepanda juu ya mwamba hana akili, maana mwamba hauwezi kugeuka udongo. Lakini katika nafsi za watu, alisema, mwamba unaweza kugeuka ardhi yenye rutuba, njia inaweza kuacha kukanyagwa, na miiba inaweza kung'olewa. Kwa hiyo ni kosa kuutumia mfano huu kama orodha ya kuwagawa watu katika mafungu manne ya kudumu. Mtume Petro, ambaye jina lake lenyewe linahusiana na mwamba, aliacha nyavu mara moja alipoitwa. Alimkiri Kristo huko Kaisaria Filipi na muda mfupi baadaye akakemewa kwa kutoelewa habari ya msalaba, kisha akamkana Bwana wake mara tatu uani kwa kuhani mkuu. Baada ya Pentekoste alisimama imara mbele ya baraza, na bado Wagalatia sura ya 2 inasimulia kwamba huko Antiokia aliacha kula pamoja na watu wa Mataifa, yaani wasio Wayahudi, kwa kuwaogopa wenzake Wayahudi, hata Paulo akampinga mbele ya wote. Moyo mmoja, aina zote za ardhi.

Ukuaji wenyewe una hatua. Mfano mwingine katika Marko sura ya 4 unasema nchi huzaa yenyewe, kwanza jani, tena suke, kisha ngano pevu katika suke, huku mkulima akilala na kuamka na mbegu ikikua asivyojua yeye. Paulo anawaandikia Wakorintho kwamba yeye alipanda, Apolo akatia maji, bali mwenye kukuza ni Mungu. Makanisa yanaeleza hatua hizo kwa msamiati wake: Wakatoliki wana ukatekumeni (kipindi cha mafundisho kabla ya ubatizo), ubatizo, komunyo na kipaimara, Wamethodisti wanazungumzia utakaso, walokole, yaani waumini wanaojiita waliookoka, husema fulani bado ni mchanga kiroho na mwingine amekomaa. Waraka kwa Waebrania, sura ya 5, hautaji kabisa hisia za msikilizaji wala idadi ya ibada alizohudhuria. Unawakumbusha wasomaji wake kwamba kwa muda uliokwisha kupita iliwapasa kuwa waalimu, nao bado wanahitaji maziwa. Chakula kigumu, unasema, ni cha watu wazima, ambao akili zao zimezoezwa kwa kutumiwa kupambanua mema na mabaya.