Kumwona mtaalamu wa tiba ya maongezi hakuhitaji barua ya daktari

Kaa na Waswahili wa London, hukosi kusikia: "Bila GP (daktari wako wa kawaida) kukuandikia barua, huwezi kumpata mshauri wa akili." Sivyo, angalau kwa England; Uskoti na Wales wana taratibu zao. NHS Talking Therapies, huduma ya tiba ya maongezi ya NHS (mfumo wa afya wa umma), iliyoanza 2008 kwa jina la IAPT, inakuruhusu ujiandikishe mwenyewe, kwa simu au mtandaoni. Unachotakiwa ni uwe umefikisha miaka 18 na umesajiliwa kwa GP. Hulipi kitu.

Utaulizwa: katika wiki 2 zilizopita, ni siku ngapi umekosa hamu ya mambo? Usingizi je? Sema kweli. Ile "sijambo, namshukuru Mungu" yetu hapa itakuponza. Kiingereza kikikupiga chenga, omba mkalimani, naye ni bure. Usimtwishe mwanao kazi hiyo.

Foleni ipo, tusidanganyane. Lengo ni watu 75 kati ya 100 waanze ndani ya wiki 6, ila kungoja kikao cha pili ndiko huchosha. Tena huduma hii ni ya sonona na wasiwasi. Mwenye mawazo ya kujiua asisubiri fomu: apige 111, achague 2.