Bega Lililochanika Kano na Kuganda kwa Wakati Mmoja: Tunaanzia Wapi?

Wagonjwa wengi wanaotumwa kwangu kwa ajili ya upasuaji wa bega hufika na majibu ya kipimo cha MRI mkononi, na majibu hayo husisitiza jambo moja: kano, yaani utepe mgumu unaounganisha msuli na mfupa, imechanika. Mara nyingi ni kweli imechanika. Lakini picha iliyopigwa mgonjwa akiwa amelala kimya haielezi vizuri kama bega hilo bado linazunguka, na hilo ndilo linaloamua kama nitampasua, lini, kwa namna gani, na atalazimika kufanya nini katika miezi itakayofuata.

Kichwa cha mfupa wa juu wa mkono ni kikubwa, nacho kimeegemea kwenye kikombe chenye kina kifupi kilichoko pembeni mwa bapa la bega. Kinachokishikilia katikati ya kikombe hicho mkono unapoinuka ni kano za misuli minne, yaani suprasipinatasi kwa juu, infrasipinatasi na teresi maina kwa nyuma, na sabuskapularisi kwa mbele. Chini ya kano hizo kuna mfuko mwembamba wa kiungo ambao, katika bega zima, umelegea vya kutosha kuuruhusu mkono ufike juu ya kichwa na nyuma ya mgongo. Kuchanika ni ugonjwa wa kano, na kuganda ni ugonjwa wa mfuko: mfuko huvimba, hunenepa, kisha husinyaa na kukibana kiungo, hasa kwa mbele, katika pengo lililo kati ya suprasipinatasi na sabuskapularisi. Ernest Codman, daktari mpasuaji wa Boston aliyeupa ugonjwa huo jina la bega lililoganda mwaka 1934, alikuwa pia miongoni mwa waanzilishi wa kushona kano za bega zilizochanika, na mwaka 1945 daktari mpasuaji wa Marekani, Julius Neviaser, akaonyesha kwamba kiini cha kuganda kiko kwenye mfuko wenyewe.

Kutofautisha hali hizi mbili hakuhitaji mashine. Mgonjwa huketi, hukunja kiwiko na kukibana ubavuni, nami huzungusha mkono wake kwenda nje polepole huku mkono wangu mwingine ukilishika bapa la bega, kwa sababu bapa hilo husogea na kumdanganya mpimaji kwamba kiungo ndicho kinachosogea. Aliyechanika kano peke yake anaweza kushindwa kabisa kuinua mkono kwa nguvu zake, lakini mimi nikiuinua unakwenda. Kwa aliyeganda, mkono hauendi kwa nguvu zake wala kwa zangu. Mzunguko wa nje hukoma mapema, na hukoma mahali palepale kila nikirudia. Kabla ya kutamka neno kuganda huwa naangalia eksirei, kwa kuwa kiungo kilicholika gegedu, yaani tishu laini inayofunika ncha za mifupa, au bega lililoteguka kwa nyuma bila kugunduliwa, nalo hugoma kuzunguka hivyo hivyo. Na hata baada ya yote hayo hubaki wachache ambao ukakamavu wao, yaani ugumu wa bega kusogea, ulikuwa maumivu tu, na ambao bega lao hulegea lote mara usingizi wa nusukaputi unapowachukua.

Tatizo la kuwa na magonjwa yote mawili kwa pamoja ni kwamba matibabu yao yanavutana. Kano iliyoshonwa kwenye mfupa huhitaji kutulizwa kwa wiki kadhaa ili ishike, ilhali mfuko uliokatwa ili kulegezwa huhitaji kusogezwa mapema, la sivyo utajifunga tena. Ndiyo maana kwa miaka mingi utaratibu uliofundishwa ulikuwa wa awamu mbili: kwanza lainisha bega kwa mazoezi tiba, hata kama itachukua nusu mwaka, ndipo ushone. Tafiti zilizolinganisha wagonjwa waliolegezwa na kushonwa katika upasuaji mmoja na wale walioshonwa bila kuwa na ukakamavu zimeonyesha kwa ujumla kwamba kundi la kwanza huanza kwa kusuasua, lakini kufikia mwaka mmoja au miwili tofauti ya maumivu na matumizi ya mkono huwa ndogo. Zipo pia tafiti zilizokuta kwamba mabega yanayokakamaa baada ya kushonwa huchanika tena kwa nadra zaidi, pengine kwa sababu bega gumu huiepushia kano kuvutwa ovyo. Kwa hiyo siuchukulii ukakamavu kuwa sababu ya kumnyima mtu ushonaji, na sioni haja ya kumlaza mezani mara mbili kwa jambo linaloweza kufanyika mara moja.

Hata hivyo, sikimbilii kisu. Bega lililoganda lina majira yake, na kuna kipindi cha mwanzo ambapo mfuko uko katika uvimbe mkali: mgonjwa huamka usiku kwa maumivu, huumia hata akiwa ametulia, na kila mwezi hupoteza mzunguko zaidi. Kupasua wakati huo ni kuchochea uvimbe juu ya uvimbe. Ninachofanya ni kuutuliza kwanza, kwa sindano ya steroidi (dawa ya kupunguza uvimbe) ndani ya kiungo, mazoezi mepesi ya kunyoosha yasiyopita mpaka wa maumivu, na kudhibiti sukari ya damu kwa wenye kisukari, ambao ndio wanaoganda zaidi kuliko watu wengine. Baada ya sindano hiyo nasubiri angalau mwezi mmoja kabla ya upasuaji wowote, maana steroidi iliyodungwa karibu na siku ya upasuaji huongeza hatari ya maambukizi.

Kusubiri huku kuna faida nyingine ambayo madaktari wapasuaji hatupendi kuitaja sana. Kano zilizochanika bila kuleta maumivu yoyote ni jambo la kawaida kwa watu waliopita miaka 60, na mara nyingi, ukakamavu unapokwisha, mgonjwa mwenye mchaniko mdogo au usiopenya kano yote hugundua kwamba kilichokuwa kikimsumbua ni mfuko. Mtu huyo hahitaji kushonwa, anahitaji kuangaliwa tena baada ya muda.

Yupo asiyepaswa kusubirishwa. Ni yule aliyekuwa mzima, akaanguka au akavutwa mkono, na tangu siku hiyo hakuweza kuuinua. Kano iliyokatika ghafla hurudi nyuma pamoja na msuli wake, msuli husinyaa, kisha mafuta huanza kuchukua nafasi ya nyama. Mpangilio wa hatua za mafuta hayo tunaoutumia hadi leo ulichapishwa na daktari mpasuaji wa Ufaransa, Goutallier, na wenzake mwaka 1994. Mafuta yakishaenea hayaondoki hata kano ikishonwa vizuri namna gani, na msuli huo haurudi kuwa na nguvu yake ya zamani. Kwa mgonjwa wa aina hii, ukakamavu uliojitokeza baada ya kuumia nautibu palepale mezani, siku ya kushona.

Mezani mpangilio wa kazi ndio kila kitu: kulegeza hutangulia, kushona hufuata, kwa sababu anayelizungusha bega kwa nguvu baada ya kushona anaing'oa kazi yake mwenyewe. Mgonjwa akishalala, na neva za mkono zikiwa zimepigwa ganzi shingoni ili kupunguza maumivu ya saa za mwanzo, napima upya mizunguko yote. Kwa mwenye mifupa imara naweza kulegeza mfuko kwa kuuzungusha mkono, nikiushika karibu na kwapa wala si kwa mbali, kwa kuwa kushika mbali huzidisha nguvu na kuweza kuvunja mfupa. Kwa wazee, wenye mifupa dhaifu na wenye kisukari cha muda mrefu napendelea kukata mfuko kwa kuongozwa na kamera nyembamba inayoingizwa kiungoni kupitia tundu dogo.

Kamera yenyewe huingia kwa shida. Nafasi ya ndani imebana, na pengo la mbele, ambalo katika bega zima huonekana jeupe na lenye kung'aa, hapa ni jekundu, limejaa vijishipa vya damu na tishu nene. Naanza kulifungua hapo kwa kifaa kinachokata tishu kwa mawimbi ya redio, pamoja na ligamenti ya korakohumerali iliyosinyaa, yaani utepe unaounganisha bapa la bega na mfupa wa juu wa mkono, na mara nyingi hatua hiyo peke yake huachilia sehemu kubwa ya mzunguko wa nje. Kisha nashuka kwenye mfuko wa mbele na, inapobidi, wa nyuma, ambao ndio unaozuia mkono kufika mgongoni. Sehemu ya chini naiendea polepole kuliko zote, kwani neva ya kwapa inayoendesha deltoidi, msuli mkubwa unaolifunika bega, hupita karibu sana na mfuko. Bega likishazunguka, kamera huhamia juu ya kano, kifuko cha ute kilicho juu ya kano, kikiwa na uvimbe, huondolewa, mfupa husafishwa pale kano ilipong'oka, na kano hurudishwa kwa nyuzi zilizofungwa kwenye nanga ndogo zilizozamishwa mfupani. Kwa bega litakalosogezwa mapema nataka ushonaji ulio imara kuliko kawaida, na mara nyingi natumia safu mbili za nanga kano inapofika bila kuvutwa kwa nguvu. Ikivutwa sana, safu moja iliyotulia ni bora.

Wiki sita za mwanzo ndizo zinazowachanganya wagonjwa. Mkono hukaa kwenye kitambaa cha kuutegemeza, lakini tofauti na aliyeshonwa tu, huyu huanza siku chache baada ya upasuaji kuzungushwa mkono na mtaalamu wa fiziotherapia au kwa kusaidiwa na mkono wake mzima, huku misuli ya bega lililoshonwa ikiwa imelegea kabisa. Kusogezwa kunaruhusiwa; kuinua mwenyewe hakuruhusiwi, hata kama ni kikombe cha maji. Kuinua kwa nguvu zake huanza karibu na wiki ya sita, mazoezi ya kujenga nguvu husubiri hadi wiki ya kumi na mbili au zaidi kwa mchaniko mkubwa, na mwaka mzima unaweza kupita kabla mkono haujafika kikomo cha uwezo wake.

Mzunguko wa kupeleka mkono mgongoni hurudi mwisho, na sipendi ulazimishwe mapema, kwa sababu ndio unaoivuta zaidi kano ya suprasipinatasi na ya infrasipinatasi. Ikipita miezi tisa bega likiwa bado limebana kiasi cha kumzuia mtu shughuli zake, nampima kwa altrasaundi kuona kama kano imeshika. Ikiwa imeshika, narudi na kamera kuulegeza mfuko peke yake. Upasuaji huo wa pili ni mfupi, na mkono huanza kutumika siku inayofuata, kwa kuwa hakuna tena kano changa ya kulinda.