Wasifu wa mhadhiri wa usanifu majengo: usome vipi?

Kila msimu wa udahili ukifika, simu huanza kuita. Ni mzazi wa Kisasa, wa Nkuhungu au wa Ipagala, ana kijana aliyemaliza kidato cha sita na anataka kusomea usanifu majengo. Kwa vijana wengi wa hapa Dodoma maana yake ni Chuo Kikuu Ardhi kule Dar es Salaam, au Chuo Kikuu cha Sayansi na Teknolojia (MUST) kule Mbeya. Mzazi ameingia kwenye tovuti ya chuo, amekuta majina ya wahadhiri, na chini ya kila jina orodha ya mambo isiyokwisha. Anauliza: "Sasa injinia, hawa wamefanya nini hasa?" (Mimi ni msanifu majengo, siyo mhandisi, lakini nilishaacha kusahihisha.)

Wanaouliza siyo wazazi tu. Kamati ya ujenzi wa kanisa, au wanachama wa SACCOS wenye kiwanja chao Nzuguni, wanasikia kuna profesa wa usanifu anayechora, wanataka kujua kama uprofesa wake utaonekana kwenye jengo lao. Kwa hiyo leo naandika kwa ajili yao wote.

Jambo la kwanza la kuelewa ni kwamba orodha ile haikuandikwa kwa ajili yako. Imeandikwa kwa ajili ya kamati ya kupandisha vyeo. Ngazi zenyewe ni mhadhiri msaidizi, mhadhiri, mhadhiri mwandamizi, profesa mshiriki, kisha profesa, na kinachompandisha mtu kwa kiasi kikubwa ni makala alizochapisha kwenye majarida ya kitaaluma. Jengo haliingii vizuri kwenye hesabu hiyo. Makala ina waandishi wawili watatu na inasomwa na wataalamu wengine kabla ya kuchapishwa. Jengo lina mikono mingi, linachukua miaka, linabadilishwa na mteja katikati ya safari, na hakuna jarida linalolipima. Mhadhiri aliyetumia miaka minne kusimamia hospitali ya wilaya anaweza kubaki pale pale alipo, huku mwenzake aliyeandika makala tano kuhusu hospitali akipanda.

Hata mlango wa kuingilia una tatizo hilo hilo. Matangazo ya kazi za kufundisha vyuo vikuu vya umma kwa kawaida hudai wastani wa alama (GPA) wa 3.8 kwenye shahada ya kwanza na 4.0 kwenye umahiri. Sasa, usanifu majengo unafundishwa studio. Mwanafunzi anabandika michoro ukutani, anasimama mbele ya jopo, anahojiwa, na alama kubwa za muhula zinatoka hapo. Waalimu wa studio ni wabahili wa alama. Nimekaa kwenye majopo hayo na nakiri ubahili wetu hauna kanuni ya kueleweka. Matokeo yake ni kwamba mchoraji hodari kabisa anaweza kumaliza na 3.5, na mlango wa kufundisha ukawa umefungwa kabla hajaugonga.

Msinielewe vibaya, makala zina kazi yake. Mwaka 1993 Profesa Lusugga Kironde, mtaalamu wa uchumi wa ardhi wa pale Ardhi, alichapisha makala akiuliza kama Dodoma itakuja kweli kuwa makao makuu. Ilikuwa imepita miaka 20 tangu uamuzi wa 1973, na serikali ilikuwa bado imekaa Dar es Salaam. Swali hilo likaendelea kuwa halali hadi 2016, serikali ilipotangaza kuhama kwa dhati. Mwaka uliofuata CDA, mamlaka iliyokuwa ikisimamia ujenzi wa makao makuu, ikavunjwa, na mwaka 2018 Dodoma ikawa jiji. Kwa maoni yangu makala moja yenye swali la namna hiyo inazishinda kumi zinazopima kitu ambacho kila fundi wa Chang'ombe anakijua. Kwa hiyo ukiiona orodha ya makala, usihesabu. Soma vichwa vya habari, ujiulize kama kuna hata kimoja kinachogusa mji unaoujua.

Tuje kwenye majengo, maana huko ndiko maneno huwa mengi.

Pita Mtumba, kwenye mji wa serikali, au barabara yoyote yenye saiti kubwa, usome kibao. Utakuta jina la mwenye mradi, msanifu majengo, mkadiriaji majenzi, mhandisi wa miundo, mhandisi wa umeme na mitambo, na mkandarasi. Kwenye mstari wa msanifu mara nyingi utakuta jina la kampuni, la Wakala wa Majengo, au la ofisi ya ushauri ya chuo, kwa sababu vyuo vyetu vya umma vinachukua kazi za ushauri na wahadhiri ndio wanaozifanya. Jina la mtu halipo. Kwa hiyo mhadhiri akiandika kwenye wasifu wake kwamba "alisanifu" jengo fulani, anaweza kuwa ndiye aliyepata wazo la kwanza, au aliyekesha akichora michoro ya kina, au aliyekuwa akienda saiti kila wiki kugombana na fundi juu ya lenta. Kazi hizo ni tatu tofauti. Zote ni halali, lakini huwezi kumsifu mtu kwa zote kama alifanya moja. Muulize. Aliyefanya kweli atakujibu kwa undani hadi uchoke, asiyefanya atakuambia "tulikuwa timu."

Ukitaka kulipima jengo lenyewe, kwa hapa Dodoma nina kipimo rahisi. Nenda mwezi wa kumi au wa kumi na moja, saa tisa alasiri, ingia vyumba vya upande wa magharibi. Dodoma iko nyuzi 6 hivi kusini mwa ikweta, kwa hiyo jua la mchana linapita karibu juu ya kichwa, na linalotutesa ni lile la asubuhi na la jioni linaloingia kwa chini. Msanifu anayejua kazi yake hulilaza jengo mashariki–magharibi ili kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, na upande wa magharibi huweka ngazi, vyoo au stoo. Ukikuta ofisi zimepangwa huko nyuma ya ukuta mzima wa vioo, mapazia yamefungwa, taa zimewashwa mchana na kiyoyozi kinanguruma, basi umeshapata jibu, hata kama picha ya jengo hilo inapendeza kwenye kalenda.

Baada ya hapo tazama juu. Nyumba zetu nyingi zina bati la msauzi, chini yake kenchi za mbao, chini yake dari ya jipsamu, na hewa ya kati ya bati na dari imefungiwa humo haina pa kutokea. Bati linapokea joto papo hapo na kulishusha chumbani mchana kutwa. Dawa yake inajulikana, na imempatia mwalimu mmoja sifa ya dunia. Francis Kéré, mzaliwa wa Gando nchini Burkina Faso, alijenga shule ya msingi kijijini kwao, ikakamilika 2001. Kuta ni za matofali ya udongo uliochanganywa na saruji kidogo. Dari yake inapitisha hewa, na paa la bati limenyanyuliwa juu yake kwa kenchi zilizochomelewa kwa nondo za kawaida, zile zile unazozikuta kwenye duka lolote la vifaa pale Majengo. Hewa ya moto inapanda, inapita kwenye uwazi ule, inatoka. Shule ile ilipata Tuzo ya Aga Khan ya usanifu mwaka 2004. Baadaye Kéré akawa profesa mjini Munich, na mwaka 2022 akawa Mwafrika wa kwanza kupata Tuzo ya Pritzker, ambayo ndiyo kubwa kuliko zote kwenye fani yetu. Kwake jengo lilitangulia, kiti cha uprofesa kikafuata.

Balkrishna Doshi wa India, aliyepata tuzo hiyo hiyo mwaka 2018, alifundisha na kujenga kwa pamoja. Mwaka 1962 alianzisha shule ya usanifu mjini Ahmedabad. Kati ya kazi zake, inayotuhusu zaidi sisi wa Dodoma ni mtaa wa Aranya mjini Indore, ambako familia za kipato cha chini zilipewa kiwanja chenye msingi, choo na maji, kisha kila familia ikaendelea kujenga kadiri ya mfuko wake. Mtu yeyote aliyewahi kununua kiwanja Dodoma na kujenga chumba kimoja kimoja kwa miaka anajua kwa nini wazo hilo ni la akili.

Kuhusu usajili nitasema kwa kifupi. Anayeruhusiwa kufanya kazi ya usanifu majengo nchini ni aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wabunifu Majengo na Wakadiriaji Majenzi, chini ya sheria ya mwaka 2010 iliyochukua nafasi ya ile ya 1997. Shahada ya uzamivu haikusajili. Mhadhiri asiyesajiliwa anaweza kuwa mwalimu bora wa historia au nadharia, wala sioni aibu yoyote katika hilo, ila ramani yako ya kibali cha ujenzi haiwezi kupita kwa saini yake. Bodi ina orodha ya waliosajiliwa, itazame.

Kuna kazi nyingine ambazo hazina kibao kabisa, na binafsi ndizo ninazozithamini zaidi. Mpango kabambe wa kwanza wa Dodoma, wa 1976, ulichorwa na kampuni ya Toronto, Kanada. Kitovu cha makao makuu kikaja kusanifiwa na ofisi ya Mmarekani James Rossant. Wakati ule wataalamu wa kizalendo walikuwa wa kuhesabika. Beda Amuli, aliyesoma Haifa na kutusanifia Soko la Kariakoo lenye miavuli ya zege inayokusanya maji ya mvua, alikuwa mmoja wa wachache mno. Leo ukiingia ofisi yoyote ya mipango miji au ya ujenzi hapa jijini, walioko mezani wengi ni Watanzania, na wengi wamepita mikononi mwa waalimu wa Ardhi, iwe enzi za Chuo cha Ardhi, enzi za UCLAS, kilipokuwa chuo kishiriki cha Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, kuanzia 1996, au tangu kilipokuwa chuo kikuu kamili mwaka 2007. Mwalimu aliyewafundisha kuchora mkato wa jengo haandiki hilo kwenye wasifu wake, na hata akiliandika hapati alama.

Kazi nyingine ya aina hiyo ni upimaji wa majengo ya zamani. Chuo Kikuu Ardhi, chama cha wasanifu na Chuo Kikuu cha Ufundi cha Berlin walishirikiana katika kituo cha urithi wa usanifu kilichopo Boma la Kale, Dar es Salaam. Huku kwetu boma hatuna la namna hiyo, ila tuna tembe, nyumba za asili za Wagogo. Mwalimu anapowapeleka wanafunzi kijiji cha Wagogo na futi kamba, wanarudi na vitu ambavyo picha haivionyeshi: nguzo zenye panda juu zilizobeba boriti, fito zilizolazwa kwa kubanana, tabaka la udongo lililoshindiliwa juu yake hadi paa likawa karibu bapa, kuta za miti na udongo zenye vitundu vidogo vya mwanga, vyumba vikizunguka ua wanamolala ng'ombe. Udongo mwingi namna ile unachelewa kupata joto mchana na unachelewa kulipoteza usiku, na kwa mji ambao mwezi wa saba usiku unatafuta blanketi, hiyo ni hesabu iliyofikiriwa. Tembe ina kasoro zake: mchwa hula nguzo, mvua kubwa hupenya paa, na mtu mrefu huinama siku zote. Ndiyo maana watu wamehamia kwenye bati na siwalaumu. Lakini tembe zinazidi kupungua, na michoro ya wanafunzi ndiyo itakayobaki. Michoro hiyo nimeikuta kwenye stoo ya chuo kimoja, imerundikwa sakafuni, kingo zimeliwa na panya.

Kwa hiyo mzazi akinipigia namwambia hivi: kama unaweza, nenda chuoni wakati michoro ya mwisho wa mwaka imebandikwa ukutani. Tazama kazi za darasa moja. Zikifanana zote, paa lile lile, vioo vile vile, ujue wanafunzi wanachora anachokipenda mwalimu. Zikitofautiana, na kila mmoja akaweza kukueleza kwa nini dirisha lake liko pale lilipo, mwalimu huyo mpelekee mwanao, awe profesa au mhadhiri msaidizi.

Na kamati ya kanisa iliyonitafuta mwezi uliopita: kama mmeamua kumchukua profesa, mchukueni. Ila mkataba useme jina lake, siyo la ofisi yake peke yake, na useme ni hatua zipi za ujenzi lazima awepo saiti mwenyewe. Msingi, mkanda wa juu na upauaji visikosekane kwenye orodha hiyo.